Blanketi Juu ya Spika

Haukkaniemi, 31 Mei 1976

Mjomba Tauno,

Habari za mguu? Mama anasema umefungwa plasta mpaka kiunoni na unagombana na manesi, kwa hiyo najua hujambo.

Mimi ndiye nina hali. Jumamosi nilipanda jukwaani mahali pako, na gitaa lako la besi, na ampu yako ya kukuzia sauti, mbele ya watu wanaonijua tangu navaa nepi, nikatoa sauti kama ng'ombe aliyefungiwa ghalani. Nilijisikia mwenyewe. Wachezaji walikuwa wanatafuta hatua kwa macho, wanaangalia mikono ya Pentti kwenye dramu kwa sababu mimi nilikuwa mngurumo tu. Unamjua Urho, kiongozi wenu, akikasirika anapanguza kodiani. Alipanguza mpaka nikadhani ataitoboa. Tulipokuwa tunapakia vyombo kwenye gari ndipo akafungua mdomo: "Nakupa mpaka Juhannus. Sakafu isipojaa, kuna jamaa wa mjini ananisumbua anataka hiyo kazi."

Mpaka Juhannus, mjomba, sikukuu ya kiangazi, wiki nne tu! Nikamwambia hii nafasi ni ya mjomba wangu, mimi namshikia tu mpaka apone, na huyo wa mjini akishaikalia nani atamwondoa? Akaanza kupanguza tena.

Sasa nisikilize. Vidole vyangu unavijua, umevifundisha mwenyewe jikoni kwako. Tatizo ni ampu. Nilipoijaribu nyumbani ilikuwa tamu ajabu. Kitufe cha besi nilikizungusha mpaka mwisho, cha sauti ya katikati nikakirudisha chini kabisa kwa sababu kinatoa sauti ya mtu anayesemea puani, na vyombo vikatetemeka kabatini. Nikajisifu. Kufika ukumbini, hakuna kitu.

Nimeona umeweka madoa ya ile rangi nyekundu ya kucha ya marehemu mkaza mjomba Aune, nikajua ndipo unapoelekeza vitufe. Kwenye besi doa moja. Kwenye katikati doa moja. Lakini kitufe cha mwisho, cha sauti nyembamba, kina madoa sita, yameanzia juu yakashuka kulia mpaka kinapogota, kama mtoto mwenye surua. Nifuate lipi? Na lile blanketi la sufu la kijivu ni la nini? Pentti alinipa akaniambia linawekwa juu ya spika. Sikuona baridi, nikaliacha garini.

Nijibu haraka, au nipe namba nikupigie.

Mpwa wako asiyelala,
Marketta


Hospitalini, 4 Juni 1976

Marketta, mkaidi wangu,

Kwanza, usipige simu. Simu iko koridoni, inanguruma kama mashine ya kusaga, na kuna mzee mgonjwa wa nyongo anayeikalia kutwa nzima. Andika. Mtu akiandika anafikiri, na wewe unahitaji sana hilo zoezi.

Pili, mguu. Unaniuma, lakini hasira inaniuma zaidi. Yule Reino wa lori la magogo alirudi nyuma pale kiwanda cha mbao akanigonga, bila kupiga honi hata mara moja. Nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Mtu mzima, dereva wa miaka yote hiyo, anarudisha lori kimyakimya kama paka! Akija hapo dansini usimpe hata salamu.

Sasa, ng'ombe wako. Umefanya kosa la kila mtu anayejifunza peke yake. Ukiwa peke yako jikoni, besi nene ni tamu kwa sababu hakuna mwingine wa kugombania nafasi. Ukifika kwenye bendi, dramu kubwa ya Pentti iko hukohuko chini, mkono wa kushoto wa Urho kwenye kodiani uko hukohuko, na mbao za ukumbi zenyewe zinanguruma. Unaongeza uji kwenye uji. Hicho kitufe cha katikati ulichokizima ndicho chenye maneno. Ni kweli kinasemea puani. Basi kisemee! Ukiwa peke yako ni kibaya, ukiwa na wenzako ndicho pekee kinachosikika. Besi ipunguze mpaka kwenye doa, katikati ipandishe mpaka kwenye doa, na usinibishie.

Cha mwisho, sauti nyembamba, ni ule mlio mdogo wa kidole kinapogusa waya. Bila huo mchezaji anajua noti ikiwa imeshapita, anakanyaga vidole vya mwenzake. Fuata doa la mwisho, lililo kulia kabisa. Hayo mengine ni ya zamani.

Wala usijaribu ampu ukiwa umeikalia. Mwachie mtu gitaa, shuka katikati ya sakafu, sikiliza kutoka wanapocheza wao.

Mjomba wako aliyefungwa kama soseji,
Tauno


Haukkaniemi, 7 Juni 1976

Mjomba,

Umeniokoa na umeniponza, sijui nianze na kipi.

Katikati umenipa dawa. Noti moja tu, Pentti akageuka akanitazama. Sasa nasikika, mjomba. Nasikika! Nilitaka kulia pale pale.

Lakini hilo doa la mwisho! Nimelifuata kama ulivyosema, na kila nikigusa waya ilikuwa kama mtu anakwangua sufuria kwa uma. Mlio wa vidole, mlio wa kucha, hata shati langu likigusa gitaa lilisikika mpaka kwenye foleni ya kahawa. Wanawake wa mstari wa mbele walikunja nyuso. Katikati ya dansi ya kwanza ya tango Urho aliacha kodiani ikining'inia, Urho huyo huyo ambaye hajawahi kukatiza wimbo hata siku mvua ilipoezua paa, akakimbia garini, akarudi na lile blanketi akalitupa juu ya spika. Kelele zikaisha. Watu wakacheza. Akarudi mahali pake akaendelea na tango kana kwamba alienda kupiga chafya.

Nikamuuliza, kwa nini tunapandisha kitu mpaka mwisho halafu tunakifunika blanketi? Si tukishushe tu? Akasema, "Alama za Tauno haziguswi." Nikamuuliza Pentti. Pentti alikuwa anatoa pamba masikioni, akasema hajanisikia. Yuko mita moja!

Hebu nieleze wewe. Mimi naona kama nimeingia kwenye nyumba ya watu wenye adabu kupita kiasi. Yamebaki majuma mawili na ushee kufika Juhannus, na yule wa mjini ameshakuja kunitazama. Ana koti la ngozi.

Marketta


Hospitalini, 11 Juni 1976

Marketta,

Blanketi ni umande. Ukumbi uko juu ya maji, jioni unyevu unapanda, Urho anaogopa spika itaoza. Alilianzisha miaka mitatu au minne iliyopita na mimi nikamwachia, kila mtu ana uwendawazimu wake. Mimi mwenyewe sijawahi kuona tofauti.

Kama kulikuwa na kukwangua, basi ni waya mpya. Umebadilisha waya bila kuniambia? Zipe wiki mbili zitulie. Doa la mwisho ni sahihi. Nimeliweka kwa masikio yangu mwenyewe majira ya kuchipua, ukumbi ukiwa mtupu, na nilikaa nalo mchana mzima.

Jambo ambalo hukuliuliza lakini utalihitaji: watu wanakula sauti. Ukumbi mtupu unapiga kelele, ukijaa unatulia. Na wakija na makoti mazito ndiyo balaa, maana sufu inameza sauti nyembamba yote na nene inapita bila hata kubisha hodi. Kwa hiyo kukiwa na baridi, ongeza nyembamba kidogo. Juhannus watakuja na nguo nyepesi, utakuwa salama.

Na vua viatu. Najua mnanicheka miaka yote kwa kupiga na soksi. Jaribu. Mbao za jukwaa ni mbao zile zile za sakafu, zimeunganishwa chini. Wachezaji wakikupata, utawasikia miguuni kabla hujawaona.

Hapa najichosha bure. Dirisha langu linatazama msitu na sina la kufanya ila kuutazama. Mwaka huu ndege hawapo kabisa. Nesi Hellevi anasema wapo, lakini yeye anasema na supu ina nyama.

Usimwogope mtu wa koti la ngozi. Ngozi inatoa jasho.

Tauno


Haukkaniemi, 28 Juni 1976

Mjomba,

Juhannus imepita na sakafu ilijaa mpaka watu wakacheza kwenye ngazi. Wakati wa wanawake kuchagua wa kucheza nao, hakuna mwanaume aliyebaki ukutani, hata yule mzee wa kuuza tiketi alibebwa. Mtu wa koti la ngozi ameondoka na basi la kwanza. Urho amesema nibaki msimu wote. Nilipiga na soksi, na ni kweli kuhusu mbao.

Nimefuata alama zako. Kila kitu ni sawa.

Nina haraka, dukani wameniwekea masanduku ya samaki niyapange. Nitaandika vizuri siku nyingine.

Marketta


Hospitalini, 2 Julai 1976

Marketta, mpwa wangu, dhahabu yangu!

Nimemsomea Hellevi barua yako, nikamsomea mzee wa nyongo, nikamsomea na mtu anayeleta magazeti. Umeona? Masikio ya mjomba wako hayakosei. Miaka ishirini na sita na bendi ile ile, unadhani ni bahati?

Plasta inakatwa mwanzoni mwa Agosti. Mwambie Urho tarehe 28 Agosti, dansi ya kufunga msimu, mimi nitakuwa pale na magongo yangu, na nitapiga. Nikishindwa kusimama nitakaa. Wewe umeshika nafasi vizuri, nitaipokea mikononi mwako, tutapigiwa makofi wote wawili. Usiku silali nikiifikiria. Napiga nyimbo zote kwenye shuka.

Na jambo lingine. Nimeandika polisi kuhusu Reino. Nataka anyang'anywe leseni. Nimesema wazi hakupiga honi, na mimi ndiye shahidi. Wamejibu kwamba watalishughulikia kabla ya mwezi kwisha. Safari hii hatachomoka.

Niandikie kwa kirefu, barua yako ya mwisho ilikuwa kama ya benki.

Tauno


Haukkaniemi, 6 Julai 1976

Mjomba wangu,

Nimechana barua tatu kabla ya hii. Kaa vizuri kwenye mto.

Nilikudanganya. Juhannus sikufuata doa lako la mwisho. Nilifika ukumbini mapema peke yangu, nikampa mtoa kahawa gitaa avute waya wowote, nikashuka katikati ya sakafu kama ulivyonifundisha. Niliweka besi kwenye doa lako. Katikati kwenye doa lako. Hayo ni sahihi mpaka leo, sijayagusa wala sitayagusa. Nyembamba nikairudisha hatua kwa hatua, doa kwa doa, mpaka la kwanza kabisa lile la juu, na blanketi nikaliacha garini. Ilikuwa nzuri, mjomba. Ilikuwa sauti yako ya zamani, ile niliyoisikia nikiwa mdogo nimelala kwenye makoti nyuma ya jukwaa.

Ndipo nikayatazama yale madoa sita, nikayahesabu kwa kidole. Umeniambia mwenyewe, hayo mengine ni ya zamani. Kila mwaka doa, na kila doa mbele kidogo. Ampu haijabadilika. Ukumbi haujabadilika.

Halafu Reino akaja. Alisimama kando ya jukwaa na kofia mkononi, mwanaume mzima analia. Akasema, "Nilipiga honi mara tatu, Marketta. Mara ya tatu niliilalia. Hakugeuka." Nikamwambia mwongo. Nikaenda kumuuliza mwenye kiwanda cha mbao, na mkewe, na karani. Wote waliisikia, mjomba, mkewe aliisikia akiwa ndani ya sauna, kwenye mvuke.

Bado nikakataa. Jumatatu nikapiga simu huko. Hellevi akakusogeza mpaka kwenye simu na kitanda chako cha magurudumu, nikamsikia anakuambia ni mimi. Nikakwambia, "Mjomba, nyumba yako imeungua." Ukanijibu, "Vizuri, vizuri, msalimie mama."

Nisamehe kwa hilo. Nilikata simu nikakaa chini stoo, kati ya magunia ya viazi.

Blanketi halikuwa la umande. Umeniandikia mwenyewe sufu inameza nini. Urho na Pentti walijua miaka minne na hakuna aliyethubutu kukuambia, na Pentti anaweka pamba, na wote wawili wanajiona watu wema. Nimewaambia ni waoga. Urho anapanguza kodiani. Ameniomba mimi nikuandikie kwamba tarehe 28 haiwezekani, eti kwa sababu mimi ni damu yako. Na anataka nibaki mimi. Unaona wamenipeleka wapi? Nikinyamaza, Reino anapoteza leseni na kazi kwa kosa ambalo si lake. Nikisema, naonekana nimekunyang'anya nafasi ukiwa kitandani. Nami naitaka hiyo nafasi, sitakuficha, nimeipenda mpaka naiota. Lakini si kwa njia hii. Uniamini, si kwa njia hii.

Kuna daktari wa masikio huko huko ulipo. Mwone.

Nakupenda,
Marketta

N.B. Ndege wapo. Wanapiga kelele huku mpaka tunafunga madirisha.


Hospitalini, 10 Julai 1976

Marketta Rekola,

Nafasi umeipata. Kaa nayo. Vunja madoa yangu, choma blanketi, pigeni mpaka mchoke.

Nilikupa gitaa lililokuwa likikuzidi urefu. Hivi ndivyo unavyonilipa, kwa kunijaribu kwa simu kama mtoto wa shule, mbele ya nesi.

Usiniandikie.

T. Rekola


Haukkaniemi, 19 Julai 1976

Mjomba,

Naandika. Hujawahi kunifundisha kutii.

Nikasirikie mimi, sawa. Ila ile barua ya polisi ina tarehe, na tarehe hainingoji mimi wala wewe. Reino ana watoto wanne na anaendesha lori taratibu sasa kama amebeba mayai. Anakuja kila Jumamosi, hachezi na mtu, anakaa kwenye benchi la mwisho.

Kuhusu ile simu, ningefanya nini? Niambie wewe ungefanya nini. Usiku kucha najibizana na wewe kichwani na kila mara unanishinda.

Marketta


Haukkaniemi, 2 Agosti 1976

Kwa Bwana T. Rekola, kuhusu ampu yake.

Jumamosi tumepiga ukumbi mwingine, ule mpya wa upande wa pili wa ziwa, sakafu ya zege. Noti moja ya chini, ile iitwayo "la", inavimba peke yake mpaka glasi zinatembea mezani, nyingine zote ziko sawa. Nimepunguza sauti, haisaidii. Nimeondoa nyembamba, nimeharibu zaidi. Urho hajui. Pentti hajui. Tunarudi huko tarehe 14 na sina wa kumuuliza duniani.

M. Rekola


Hospitalini, 6 Agosti 1976

Umeweka spika kwenye kona. Kona mbili za ukuta na sakafu ya zege zinaipigia kelele noti moja, ndivyo zilivyo. Itoe konani, hatua mbili nzima. Inua boksi juu ya kiti au kreti la bia lisiguse zege. Kisha punguza besi kidogo, kidogo nimesema, si ule wazimu wako wa jikoni. Nyembamba usiiguse, haihusiki. Ulifikiriaje kuigusa?

Polisi niliwaandikia mwezi uliopita waachane na jambo lile.

Plasta imekatwa. Mguu umekuwa mwembamba kama wa kuku.

T. Rekola


Haukkaniemi, 20 Agosti 1976

Mjomba,

Kreti la bia limefanya kazi. Wenye ukumbi walidhani ni mapambo.

Tarehe 28 ni dansi ya kufunga. Sijui nikuombe nini. Urho hawezi kuandika, ameanza mara mbili, nimeona karatasi kwenye gari: "Ndugu Tauno", halafu hakuna kitu. Mimi siwezi kukuambia usije, wala siwezi kukuambia njoo upige. Kiti chako kipo, nimekiweka pembeni ya ampu, na hakuna anayekikalia. Nikigeuka nakiona, nakosea noti.

Natamani msimu uishe na sitaki uishe. Sijui wewe umewezaje kuishi hivi miaka ishirini na sita.

Marketta


Nyumbani, 30 Agosti 1976

Marketta, mpwa wangu,

Hukuniona kwa sababu sikutaka unione. Reino alinileta na lori lake. Ndiyo, Reino. Nilimwandikia nikamwomba radhi, akaja hospitali kunichukua, na njia nzima alipiga honi kwenye kila kona ananitazama usoni, mimi natikisa kichwa, sijaisikia, anacheka mpaka machozi yanamtoka, na mimi pia. Ile ya tatu niliisikia kidogo. Au niliitaka.

Daktari wa masikio nilimwona mwezi wa saba, siku mbili baada ya kukutukana. Amenichorea mstari kwenye karatasi. Upande wa sauti nene uko juu, unakwenda vizuri, halafu unaanguka. Nikamwambia huo mstari naujua, nina madoa yake kwenye kitufe changu. Hakunielewa. Atanipa kidude cha kuvaa, lakini amesema kwa muziki nisitegemee sana.

Nilisimama kwenye nguzo ya pembeni, karibu na wauza soseji, nimevua viatu. Magongo mawili na soksi, watu walidhani nimelewa. Kodiani ya Urho niliiona inafunguka na kufunga, sikusikia hata hewa. Pentti alikuwa mikono mitupu inayopunga. Nikasema haya, imekwisha, twende zetu Reino.

Ikafika zamu ya wanawake kuchagua. Mama mmoja mwenye shali ya kijani akaja mbele yangu, midomo ikatembea, mimi nikawa nawatazama ninyi. Akaondoka. Reino akanipiga kiwiko, akanionyesha kwa mikono: alikuomba, wewe umemkataa! Unajua mwenyewe, mtu akiombwa hakatai, na mimi miaka yote nilikuwa juu jukwaani sikuwahi kuombwa na mtu. Nilimfuata na magongo, nikayumba katikati ya sakafu nzima, nikamwambia kwa nguvu maana sijui tena nguvu yangu ni kiasi gani: "Mama, sikukukataa. Mimi ni kiziwi."

Ndiyo mara ya kwanza neno hilo linatoka mdomoni mwangu. Watu wa karibu waligeuka. Yeye akanisogelea sikioni na akapayuka, nikamsikia neno kwa neno: "Mwanaume gani si kiziwi?"

Basi tukasimama pale. Kucheza siwezi, nilimshika bega akanishika gongo. Nyimbo zake mbili, kama ilivyo desturi kwa kila anayeombwa. Na hapo katikati ya sakafu, Marketta, mahali ninapowatuma watu wote wakasikilize na ambapo mimi mwenyewe sijasimama ukumbi ukiwa umejaa miaka yote hiyo, ulinijia kwenye nyayo. Kila noti, mwanzo wake na mwisho wake. Mia mbili wanakanyaga pamoja na wewe na najua nani amechelewa. Kodiani sikuisikia. Dramu sikuisikia. Wewe nilikusikia. Nililia kwenye shali ya mwanamke nisiyemjua jina. Sasa nalijua, anaitwa Hilkka, Jumapili anakuja kunywa kahawa.

Nafasi ni yako. Hukuninyang'anya, nimekupa, na nimekupa nikiwa nimesimama. Mwambie Urho aache kuandika "Ndugu Tauno", aje sauna anyamaze pamoja nami, hilo analiweza. Pentti atoe pamba.

Ule mkebe wa dawa ya kufutia rangi ya kucha uko kabatini mwa Aune, rafu ya juu. Futa madoa yangu yote, weka ya kwako. La katikati ndilo uache, nakuomba. Na lipandishe unywele mmoja wakati wa dansi ya waltzi, ulikuwa unazama kidogo.

Blanketi msilitafute. Mlango wa gari lenu hamfungi, nimelichukua. Nimelitandaza miguuni ninavyokuandikia, ni zito na lina joto, na ni mali yangu kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Mjomba wako,
Tauno